"Rejea Sura ya 6": Deni la Nani?

Katika miongozo ya programu za kompyuta kuna sentensi moja fupi ambayo karibu kila mwandishi huiandika bila kufikiri: "Rejea Sura ya 6." Ni maneno matatu na tarakimu moja. Haielezi jambo wala haifundishi. Inamwambia msomaji tu kwamba anachokitafuta kipo mahali pengine, aende akakichukue. Nimeishi na sentensi hiyo kwa karibu miaka miwili, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ndani yake mna ahadi. Wahenga walishasema ahadi ni deni. Ninachotaka kujadili hapa ni hiki: deni hilo ni la nani?

Nieleze kwanza ninakotoka. Ninasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, katika fani ya mifumo ya taarifa, na nje ya darasa nimo kwenye kikundi cha watu 11 tunaoandika kwa pamoja mwongozo wa programu huria. Programu yenyewe hutumika kwenye zahanati kujaza taarifa za kila mwezi: watoto waliochanjwa, kina mama waliohudhuria kliniki, dawa zilizoisha stoo. Mwongozo una sura 19. Hatuketi chumba kimoja, na wengine hatujawahi kuonana uso kwa uso. Maandishi yanakaa kwenye hifadhi moja ya pamoja mtandaoni. Yeyote anaweza kupendekeza badiliko, na wawili wengine hulipitia kabla halijaingia. Kila sura ina mlezi wake, lakini hakuna sura yenye mmiliki.

Kazi ya namna hii haiwezi kufanyika bila rejea. Kama kila mlezi angeeleza kila kitu ndani ya sura yake, namna ya kuingia kwenye mfumo ingeelezwa mara 19, na siku ukurasa wa kuingilia unapobadilika tungekuwa na maelezo 19 ya kurekebisha, na manne yangesahaulika. Ndiyo maana waandishi wa nyaraka hufundishana kanuni moja: jambo moja lielezwe mahali pamoja, na kwingine kote msomaji aelekezwe huko. Ni kanuni nzuri, inalinda maelezo yasipingane. Lakini pia inaugeuza mwongozo kuwa mkusanyiko wa watu wanaoegemeana, na wengi wao hawajui ni nani aliyewaegemea.

Mwaka jana egemeo mojawapo lilihama. Sura ya 6, inayohusu uhakiki wa takwimu, ilikuwa na aya fupi kuhusu tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Kwa asiyezifahamu taarifa za afya, tofauti hiyo yaweza kuonekana ya kitoto. Sifuri kwenye kisanduku cha chanjo ya surua maana yake ni kwamba tumehesabu, na hakuna mtoto aliyechanjwa. Nafasi tupu maana yake ni kwamba hatujahesabu, au hesabu haijafika. Ya kwanza ni habari. Ya pili ni ukimya. Anayezichanganya anasema uongo bila kukusudia. Sura nyingine tano zilikuwa zikisema "rejea Sura ya 6" kwa ajili ya aya hiyo tu. Kisha mlezi wa Sura ya 6 akahitimu, akapata kazi mkoani, akaondoka kwenye kikundi. Aliyeirithi aliipanga upya, na kwa busara kabisa akaihamishia aya ile kwenye kiambatisho cha mwisho, pamoja na fasili nyingine. Kichwa cha sura kilibaki kilekile. Namba ilibaki ileile. Viungo vyote vitano viliendelea kufanya kazi.

Miezi michache baadaye mtunza kumbukumbu wa zahanati moja alikuwa akijaza taarifa ya mwezi. Daftari la huduma ya mkoba lilikuwa bado halijarudi kutoka vijijini, kwa hiyo hakuwa na idadi ya watoto waliochanjwa huko. Alifungua Sura ya 9, inayohusu kutuma taarifa. Ikamwambia kwamba kuhusu visanduku visivyo na takwimu arejee Sura ya 6. Akaenda Sura ya 6, akaisoma yote, hakukuta neno. Akaweka sifuri. Wilayani sifuri ile ilisomeka kama ilivyo: mwezi mzima, hakuna mtoto hata mmoja wa vijiji vile aliyepata chanjo. Simu zikapigwa, maelezo yakadaiwa, na mama yule, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, akahojiwa kama mzembe. Baada ya wiki mbili daftari lilifika na takwimu ikasahihishwa. Hakuna mtoto aliyedhurika. Ila mtu aliyeufuata mwongozo neno kwa neno alionekana hana akili, na sisi tuliouandika hatukuulizwa kitu.

Kwenye kikao chetu cha mtandaoni kilichofuata, dada anayelea Sura ya 9, ambaye ni muuguzi, alimwambia mrithi wa Sura ya 6: "Kaka, umehama bila kuaga." Kaka naye hakukubali. Alijibu: "Dada, nisamehe, lakini sikujua kama kuna mtu ananitegemea. Wewe ndiye uliyemtuma mgeni kwangu. Ulipaswa kupita mara mojamoja kuangalia kama bado naishi pale." Walibishana karibu saa nzima, kwa heshima zote, na hakuna aliyeshinda. Tangu siku hiyo nilikabidhiwa kazi ya kusimamia rejea za sura zote. Kazi yenyewe naiweza. Ubishi wao ndio ulionikaa kichwani.

Nianze na upande wa kaka, maana kwa haraka haraka watu humwona mkosaji. Chukua vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, VICOBA na vinavyofanana navyo. Unapokopa, mdhamini wako hutakiwa kuwepo, aulizwe kama anakubali, kisha atie saini. Mtu akikuandika kuwa mdhamini wake bila kukwambia, halafu wanakikundi wakaja kubeba kabati lako, utasema umedhulumiwa na mtaa mzima utakuunga mkono. Rejea inafanana sana na jambo hilo. Dada wa Sura ya 9 alimwahidi msomaji kitu kilichokuwa mikononi mwa mwingine. Aliweka rehani shamba ambalo si lake, na mwenye shamba hakuambiwa. Ahadi inamfungaje mtu ambaye hakuitoa wala hakuisikia?

Sasa upande wa dada. Kaka hakurithi kibanda cha mtu aishiye peke yake porini. Alirithi sura ndani ya mwongozo wa pamoja, na kila mwenye kuingia humo anajua kwamba sura huegemeana, hata kama hajui ni nani hasa aliyeegemea wapi. Ni kama mtu aliyerithi nyumba ambayo uwanja wake, kwa miaka mingi, watu wameupita kwenda kisimani. Hawajui majina yao, lakini njia iliyochakaa anaiona. Akiamka usiku mmoja akazungushia ua, asubuhi hawezi kusema hakuna aliyemwambia kwamba watu hupita. Kutojua kwingine ni kutojua kwa mtu ambaye hakuuliza.

Ubishi huu haukuanza na sisi. Mmarekani Ted Nelson, aliyebuni neno la Kiingereza la matini zenye viungo mwaka 1965, alikuwa tangu 1960 akiota mradi alioupa jina Xanadu. Humo, kila kiungo kingeonekana kutoka pande zote mbili: ukimwelekeza mtu kwenye maandishi yangu, mimi ningeona, na nikihama ningejua nani wa kumwambia. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa CERN karibu na Geneva, alipendekeza mfumo ambao baadaye ukawa wavuti tunayoitumia. Yeye alichagua kiungo cha upande mmoja. Yeyote anaweza kumwelekeza msomaji popote, bila ruhusa na bila taarifa. Anayeelekezewa hajui. Akifuta ukurasa wake hakuna kengele inayolia kwa waliomtegemea.

Nelson amelalamikia uamuzi huo kwa miongo kadhaa, na ninamwelewa. Lakini lazima tukiri kwamba wavuti ilikua kwa sababu ya uhuru huo. Laiti kila kiungo kingehitaji idhini ya pande mbili na daftari la kutunza nani anamtegemea nani, ni wachache wangeweza kuanzisha tovuti. Kwa maana hiyo msimamo wa kaka wa Sura ya 6 ndio uliojenga mtandao: kila mtu ajenge kwake, abomoe kwake, na anayemtegemea mwenzake ajiangalie. Bei ya uhuru huo ililipwa na mtu wa tatu. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka 10 baadaye. Berners-Lee mwenyewe, mwaka 1998, aliandika makala akiwasihi wenye tovuti wasibadilishe anwani za kurasa zao, kwa hoja kwamba anwani hazijibadilishi zenyewe. Watu ndio wanaozibadilisha. Mtu aliyeondoa sharti la kuaga ndiye aliyekuja kuwaomba watu waage.

Msomaji anayeshughulika na kompyuta ataniambia kwamba tatizo hili lilishapata dawa, na kweli zipo dawa. Wanafunzi wengi wanaoandika tasnifu zenye hesabu hutumia LaTeX, iliyotengenezwa na Leslie Lamport miaka ya 1980. Humo huandiki "Sura ya 6" kwa mkono wako. Unaipa sura lebo, kisha popote unapotaka kuielekezea unaitaja lebo, na mashine yenyewe inaweka namba sahihi. Inabidi kuipitisha kazi mara mbili: mara ya kwanza mashine inakusanya nani yuko wapi, mara ya pili inaandika. Na lebo isipopatikana, pale palipotakiwa kuwa na namba panachapwa alama mbili za kuuliza. Nazipenda sana alama hizo mbili. Ni mashine inayosema wazi kwamba imetumwa mahali na haikukuta mtu. Sphinx, programu ya kutengenezea nyaraka ambayo Georg Brandl aliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, inafanya vivyo hivyo: lebo ikikosekana inatoa onyo, na ukitaka unaweza kuiamuru ikatae kabisa kutengeneza mwongozo hadi rejea zote zipate mwenyewe.

Lakini rudi kwenye kisa chetu. Mwongozo wetu ulikuwa na lebo, na mashine ilizikagua zote ikaridhika. Sura ya 6 ilikuwepo. Kilichokuwa hakipo ni sababu ya kwenda huko. Mwaka 2014 Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walichapisha utafiti kuhusu viungo vilivyomo kwenye hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani, na wakakuta kwamba nusu ya viungo hivyo havikuwa tena vikimfikisha msomaji kwenye habari iliyokusudiwa. Walitofautisha maradhi mawili. La kwanza ni kiungo kilichokufa, ambacho kinakupeleka kwenye ukurasa wa kosa. La pili ni kiungo kilicho hai kinachokupeleka mahali palipobadilika. Naona la pili ni baya zaidi. Ukigonga mlango usifunguliwe, unajua umekosa. Ukifunguliwa na mtu mwingine aliyevaa jina la yule unayemtafuta, unaweza kuondoka na jibu lisilo lake. Mtunza kumbukumbu yule angekuta ukurasa wa kosa, angepiga simu kuuliza. Alikuta sura nzima, nadhifu, yenye kichwa kilekile, akaamini kwamba kama haikusema kitu basi hakuna cha kusema.

Kwa hiyo mashine inaweza kukagua kama mlango upo. Haiwezi kukagua kama ahadi imetimizwa, kwa sababu ahadi haikuandikwa popote. "Rejea Sura ya 6" haisemi kwa nini.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba dada na kaka, katika saa nzima ya ubishi, walizungumza kana kwamba deni liko baina yao wawili. Nani alipaswa kumwambia nani. Nani alipaswa kumkagua nani. Mama wa zahanati alitajwa mwanzoni kama ushahidi, kisha akasahaulika. Na yeye ndiye mdai. Wao wawili walichagua kuandika, walichagua sura zao, wangeweza kujitoa siku yoyote. Yeye hakuchagua. Aliletewa programu, akaletewa mwongozo, akaambiwa tarehe ya mwisho ya kutuma taarifa. Kumweka katikati ya swali kunabadilisha hesabu. Anayeelekeza anadaiwa na msomaji kwa sababu amemtoa alipokuwa. Anayehama anadaiwa na msomaji huyohuyo kwa sababu alikuwa amekaa mahali ambapo watu huelekezwa. Ni deni moja lenye wadaiwa wawili, kama mkopo wa kikundi: mmoja akishindwa kulipa, mwenzake hawezi kusema "hilo ni fungu lake."

Kila mtu aliyewahi kufuatilia karatasi kwenye ofisi anajua jinsi inavyokuwa kutumwa. Unafika dirisha la kwanza, unaambiwa nenda dirisha la 4. La 4 linakwambia chumba namba 9. Chumba namba 9 pana foleni, na ukifika mbele unaulizwa nani aliyekutuma huku. Hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja kwa upande wake alikuwa sahihi: kazi hiyo kweli haifanyiki kwake. Lakini jua limeshatua na karatasi haijagongwa muhuri. Udhalimu wa namna hii hauna mhusika, ndiyo maana ni mgumu kuukemea. Unatokea kwenye nafasi iliyo baina ya dirisha na dirisha, na nafasi hiyo haina mtu aliyeajiriwa kuisimamia. Mwongozo wenye rejea nyingi unaweza kuwa ofisi ya namna hiyo, wenye waandishi waungwana na msomaji anayezungushwa.

Zipo jamii za waandishi zilizoliona hili mapema zikaamua kwamba njia ya haki ni kutohama kabisa. Nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti, zinazojulikana kama RFC, zilianza mwaka 1969, kila moja na namba yake. Ikishachapishwa haibadilishwi tena. Ikipitwa na wakati inaandikwa nyingine yenye namba mpya, na kwenye orodha ile ya zamani inawekewa taarifa kwamba nafasi yake imechukuliwa. RFC 2616 ya mwaka 1999, iliyoeleza namna vivinjari na seva vinavyozungumza, ilirithiwa na nyaraka sita mwaka 2014, nazo zikarithiwa na nyingine mwaka 2022. Lakini 2616 bado ipo, neno kwa neno. Aliyeitaja miaka 20 iliyopita hakuachwa njiani. Watunga sheria wetu nao wana desturi inayokaribiana na hiyo: kifungu kipya kikiingizwa kati ya cha 5 na cha 6, mara nyingi huitwa 5A, ili cha 6 kisisukumwe kuwa cha 7 na kila sheria inayokitaja ikapotea njia. Mwanafunzi mgeni huona 5A kuwa uchafu. Mimi siku hizi naiona kuwa adabu.

Lakini adabu hiyo nayo ina bei, na hapa kaka wa Sura ya 6 ana hoja ambayo sijaweza kuivunja. Alisema: "Kama kila nikitaka kusogeza aya lazima niwaridhishe wote wanaoielekezea, basi sura hii si yangu wala si yetu. Ni ya yule aliyeiandika kwanza, ambaye hata hayupo." Ni kweli. Mpangilio wake mpya ulikuwa bora kuliko wa zamani; msomaji anayeanza mwanzo angeelewa haraka zaidi. Tukiwazuia wanaohama kwa ajili ya wanaotegemea, tunawanyima wasomaji wa kesho kitabu kizuri ili kuwalinda wa jana. Nyaraka za RFC zinaweza kumudu kubaki kama zilivyo kwa sababu wasomaji wake ni wahandisi wenye muda wa kufuata mnyororo kutoka ya zamani hadi mpya. Mtunza kumbukumbu mwenye foleni ya wagonjwa dirishani hana muda huo. Kutohama si haki kwa kila msomaji.

Basi kama kuhama kunaruhusiwa, kuhama kwa haki kukoje? Vituo vya daladala vya Dar es Salaam vilinisaidia kufikiri. Mwembechai, Mapipa, Mkwajuni, Morocco: abiria anayeshuka Mwembechai haombi kwanza aonyeshwe mwembe. Jina limeshajitenga na kitu. Hata mabasi ya mwendokasi yalipokuja, na barabara ikachimbwa ikajengwa upya, majina yalibaki, kwa sababu watu wengi mno walikuwa wameelekezana kwa majina hayo. Majengo yalibadilika lakini kona haikukimbia na jina lake. Lebo nzuri kwenye mwongozo ni kama jina la kituo. Haibandikwi kwenye sura, kwa maana sura ni jengo na jengo litabomolewa. Inabandikwa kwenye jambo ambalo msomaji analiendea. Laiti lebo ingekuwa imewekwa kwenye aya ya sifuri na nafasi tupu, na kupewa jina hilohilo, ingehama pamoja nayo hadi kwenye kiambatisho na hakuna ambaye angepotea.

Na kuna jambo la ziada kwenye lebo ambalo linajibu lile swali la mdhamini. Kuweka lebo kwenye aya yako ni kutia saini. Ni kusema: hapa naruhusu kuegemewa, na nikihama nitahama na jina hili. Sphinx ina utaratibu ambapo mradi mzima hutoa faili lenye orodha ya majina yake yote yanayoweza kuelekezewa, ili miradi mingine iyategemee. Nikiitazama orodha hiyo naona kitu ambacho kiungo cha upande mmoja kilikikosa: idhini ya anayetegemewa, iliyotolewa mapema, kwa watu asiowajua. Hahitaji kujua majina yao. Ameshakubali kuwa na deni kwa yeyote atakayekuja.

Kwenye kikundi chetu tulikubaliana mambo matatu, na nayataja kwa sababu ndiyo mahali fikra hizi zilipotua. Kwanza, hakuna kuelekeza kwenye sura nzima au kwenye namba; unaelekeza kwenye lebo, na kama lebo haipo unamwomba mlezi aiweke. Hilo ndilo ombi la udhamini. Pili, anayehamisha au kufuta kitu chenye lebo anaacha mstari mmoja pale kilipokuwa, unaosema kimekwenda wapi, na mstari huo unakaa kwa matoleo mawili. Tatu, na hili ndilo nililolipigania zaidi, kila rejea iseme inachokiahidi. Haitoshi kuandika "Rejea uhakiki." Andika: "Rejea uhakiki, panapoelezwa lini uweke sifuri na lini uache kisanduku kitupu." Maneno hayo ya ziada yanampa msomaji uwezo ambao hakuwa nao, wa kujua kwamba amefika na hakukuta alichoahidiwa. Ahadi iliyotamkwa inaweza kudaiwa. Isiyotamkwa inamwachia mdai ajilaumu mwenyewe.

Dada wa Sura ya 9 aliyakubali yote matatu, kisha akafanya la nne peke yake bila kuomba ruhusa. Aliandika upya, ndani ya sura yake, mistari miwili: sifuri maana yake mmehesabu mkakosa, acha tupu kama hamjahesabu. Nilimkumbusha kanuni ya jambo moja mahali pamoja. Akaniambia, "Mdogo wangu, mgonjwa akikuuliza choo kiko wapi humwambii asome ramani ya hospitali." Mistari ile ipo hadi leo, na kila ninapokagua mwongozo inanisumbua, kwa sababu siku fasili ikibadilika itakuwa sehemu mbili za kurekebisha. Sijaiondoa. Nimefika mahali pa kuamini kwamba yapo mambo ambayo ni mafupi mno na mazito mno kumtuma mtu mbali kuyafuata, na kwamba kwa hayo mwandishi anapaswa kubeba mzigo wa kurudia ili msomaji asibebe mzigo wa kutembea.

Yapo pia ambayo hakuna kanuni yetu inayoyafikia. Zahanati nyingi hazisomi mwongozo mtandaoni. Mtu mmoja aliyepata bando aliupakua, akauchapisha, na nakala ikatobolewa ikafungwa kwa uzi. Mwongozo huo wa karatasi utasema "Rejea Sura ya 6" kwa miaka, na sisi hatutajua. Hapo ni kama kwa Nelson na Berners-Lee: wanaotutegemea wako nje ya macho yetu. Tulichoweza kufanya ni kuchapa namba ya toleo na mwezi chini ya kila ukurasa, ili anayepiga simu aweze kutuambia anasoma kitabu kipi.

Lugha yetu, nadhani, iliuelewa wajibu huu kabla ya mashine. Neno tunalotumia ni rejea, na kurejea ni kurudi. Ukimwambia mtu "rejea Sura ya 6" hata kama hajawahi kuifungua, unamwambia arudi. Wahenga wa baharini walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: baharia atazunguka chombo chote, mwishowe atarudi ngamani. Orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu yangu nayo itaitwa marejeo. Kumtuma msomaji mahali, kwa Kiswahili, kunabeba ndani yake kuhakikisha kwamba anarudi alikokuwa, akiwa na kile alichokifuata, na kazi yake inaendelea. Mama wa zahanati alikwenda, lakini hakurudishwa. Wiki hii ninapitia Sura ya 14, inayohusu kurejesha takwimu mfumo unapoharibika. Ina rejea 22, na 9 kati yake bado hazijasema zinaahidi nini.